Kupunguza uzito na kuacha vyakula vya ovyo ukiwa na ratiba iliyobana: mwongozo kamili

Wapo watu ambao wameshaanza kupunguza uzito mara nne au tano. Huanza Jumatatu kwa ari kubwa, wakashikilia Jumanne na Jumatano, na kufikia Alhamisi jioni wamerudi kwenye pakiti ya biskuti na chupa ya soda, wakijilaumu kwamba hawana msimamo. Nimeyasikia malalamiko haya kwa muda mrefu, na ninaamini kwa dhati kwamba wengi wao wanajihukumu isivyo haki. Msimamo wanao. Kinachowaangusha ni kuamua cha kula katika saa ile ambayo mwili umechoka, njaa inauma, na chakula kilicho karibu ni kile kile walichokusudia kukiacha.

Kwa sababu hiyo, hatua zote zilizomo humu zinalenga jambo moja, nalo ni kuhamisha uamuzi wa chakula kutoka saa ya njaa kwenda saa ya shibe. Zifuate kwa mpangilio wake, kwa kuwa kila hatua inategemea iliyotangulia.

Ninaposema vyakula vya ovyo, ninakusudia vile vyenye sukari, mafuta na chumvi nyingi lakini protini, nyuzinyuzi na vitamini kidogo: soda, pipi, biskuti, keki, krispi za pakiti, chipsi na nyama za kukaangwa kwenye mafuta mengi, soseji na vingine vya aina hiyo.

## Nani amwone daktari kwanza

Ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kwenye damu, usibadilishe kiasi cha chakula kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa sababu dozi ile ile juu ya chakula kidogo inaweza kuishusha sukari hadi ukazirai. Tahadhari hiyo inamhusu pia anayetumia dawa za shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na tabia ya kujinyima chakula au kula na kujitapisha.

Hakikisha pia kwamba unahitaji kupungua. Chukua uzito wako katika kilo, uugawanye kwa urefu wako katika mita uliozidishwa kwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linahesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa uzito wa kawaida kwa mtu mzima, 25 hadi 29.9 kuwa uzito uliozidi, na 30 kuendelea kuwa unene uliokithiri. Mtu wa urefu wa mita 1.65, kwa mfano, anaufikia mpaka wa 25 akiwa na kilo 68 hivi.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo linaloingia mfukoni au kwenye mkoba, pamoja na kalamu. Simu inafaa pia, lakini daftari halina ujumbe wa kukuvuta kando.
- Mzani wa kupimia mwili. Kama huna, tumia wa kituo cha afya au duka la dawa, mradi uwe ule ule kila mara.
- Futi kamba ya fundi cherehani.
- Kijiko cha chakula, yaani kile kikubwa, kitakachokaa kando ya chupa ya mafuta na kisitumike kwa kazi nyingine.
- Vyombo sita hadi nane vyenye mifuniko isiyovuja, vya ukubwa wa mlo mmoja.
- Chupa ya maji ya lita moja hivi.
- Saa mbili katika siku yako ya mapumziko, na nusu saa nyingine katikati ya wiki.

Mzani wa jikoni si wa lazima, ila ukiwa nao utakufunza mengi ndani ya wiki moja. Mimi nilikuwa nikila karanga kila jioni nikiamini ni kiganja kimoja tu. Siku nilipozimimina kwenye mzani kabla ya kuzila, nilikuta gramu 90, ambazo zina zaidi ya kilokalori 500 (kipimo cha nishati ya chakula, ambacho wengi hukiita kalori tu), ilhali kiganja halisi ni kama gramu 30. Nilikuwa nakula mlo mzima bila kuuhesabu kuwa mlo.

## Hatua ya 1: Andika kwa siku saba bila kubadilisha chochote

Kwa wiki moja kula kama kawaida yako, lakini kila unapotia kitu kinywani, hata kama ni pipi moja au kinywaji, andika mambo manne: saa, ulichokula, mahali ulipokuwa, na muda uliopita tangu ulipokula mara ya mwisho. Andika papo hapo. Ukisubiri usiku utasahau vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo tunavyovitafuta.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu mtu aliyeamua kupungua anataka kuanza kujinyima leo hii. Usiiruke. Bila kumbukumbu hizo utapambana na chakula chote kwa wakati mmoja, wakati tatizo lako pengine limejificha katika saa mbili au tatu tu za siku.

Mhasibu mmoja ninayemfahamu alinionyesha ukurasa wake wa Jumanne. Saa 12:40 asubuhi: kahawa yenye vijiko viwili vya sukari, jikoni, amesimama. Saa 4:30: hakuna kitu, yuko kikaoni. Saa 8:10 mchana: mkate na yai moja, mezani kwake, akiendelea kuandika. Saa 11:00 jioni: biskuti, pakiti nzima, ndani ya gari. Saa 2:30 usiku: chipsi na soda, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kilichopikwa. Yeye alikuja akiamini kwamba ugonjwa wake ni biskuti. Ukurasa ulionyesha kwamba biskuti zilikuja baada ya siku ambayo alikuwa amekula chakula kidogo mno, na kwamba chipsi zilitokana na sufuria tupu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aache biskuti na chipsi, unamwachia njaa na sufuria tupu.

Mwisho wa wiki, chukua kalamu ya rangi nyingine na uzungushie duara kila mahali ulipokula chakula cha ovyo. Hatua hii imefanikiwa ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: "Ninaanguka hasa saa fulani, nikiwa mahali fulani, baada ya jambo fulani."

## Hatua ya 2: Chukua vipimo na uweke lengo dogo

Jipime asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kula au kunywa, ukiwa umevaa nguo nyepesi. Kisha pima kiuno kwa futi kamba, katikati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kwa utulivu bila kuingiza tumbo ndani. Kipimo kizuri cha kulenga ni kiuno kisichofika nusu ya urefu wako, kwa hiyo mwenye sentimita 165 analenga chini ya 82.5.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito wako wa sasa. Kwa mwenye kilo 90 hiyo ni kilo 4.5. Huenda ukaona ni kidogo, lakini kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 tayari huleta nafuu katika shinikizo la damu na sukari ya mwili. Kasi ya nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha kabisa. Anayekimbilia kilo tano kwa wiki hupoteza maji na misuli, na vyote viwili havikuwa tatizo lake.

## Hatua ya 3: Chagua milo sita na uirudie

Mtu mwenye shughuli nyingi hahitaji mapishi 30. Anahitaji milo sita anayoipenda, anayoweza kuipika bila kusoma popote: miwili ya asubuhi, miwili ya mchana, miwili ya usiku. Ukishaichagua, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kuanzia hapo swali la "nile nini leo" linajibiwa na karatasi.

Kila mlo wa mchana na usiku uujenge hivi: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe protini kama maharage, dengu, mayai, samaki au kuku, na robo iliyobaki iwe wanga kama wali, viazi au mkate wa nafaka isiyokobolewa. Protini na nyuzinyuzi ndizo zinazokaa tumboni na kuchelewesha njaa. Sahani yenye wanga mtupu hukushibisha vizuri sana mara moja, kisha baada ya muda mfupi unaanza kutafuta kitu cha kutafuna.

Mlo wa asubuhi nao uwe na protini. Mayai mawili pamoja na tunda, au bakuli la mtindi usiotiwa sukari pamoja na shayiri na karanga kiganja kimoja, huandaliwa kwa dakika zisizozidi kumi. Kama kwa kawaida husikii njaa asubuhi na daftari lako halionyeshi kwamba unaanguka baadaye, si lazima ujilazimishe kula mapema. Mpangilio unaokuweka imara jioni ndio unaokufaa.

Onyo moja kuhusu mafuta ya kupikia: gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120 hivi. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa hutia vijiko vitatu au vinne bila kujua, na mboga zake, ambazo zingemsaidia, zikabeba uzito wa mlo mwingine. Ndiyo maana nimekuomba uweke kijiko kando ya chupa. Pima kijiko kimoja kwa kila watu wawili, kisha ongeza maji kidogo sufuria inapokauka.

## Hatua ya 4: Pika mara moja kwa siku tatu

Hapa ndipo mpango mzima unaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitaeleza kwa undani. Chagua siku yako ya mapumziko, na ununuzi uwe umefanywa siku moja kabla, kwa orodha, ukiwa umekula. Anayekwenda kununua chakula akiwa na njaa hununulia njaa.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, loweka maharage. Asubuhi mwaga maji ya kuloweka, tia maji mapya na uyabandike jikoni kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu ndiyo yanayochukua muda mrefu. Yaache yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi za mwanzo. Maharage mekundu yasiyochemshwa vya kutosha yana sumu inayoleta kutapika na kuhara.

Maharage yakiwa jikoni, bandika kuku au samaki kwenye sufuria ya pili. Kisha chemsha mayai sita kwa dakika kumi. Wakati vyote hivyo vinaendelea, osha na ukate mboga ngumu kama kabichi, karoti na pilipili hoho, uzihifadhi mbichi kwenye chombo kilichofunikwa. Mboga za majani zisafishe na uzikaushe tu. Zitapikwa siku ya kuliwa, kwa dakika tano. Chemsha viazi mwishoni.

Sasa pakua. Usiweke chakula kwenye chungu kimoja kikubwa ukisema utapakua kila siku, kwa sababu hapo unaurudisha uamuzi wa kiasi kwenye saa ya njaa. Gawa papo hapo, mlo mmoja kwa chombo kimoja.

Kuhusu usalama, chakula kilichopikwa kiingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, kwenye baridi isiyozidi nyuzi 5, na kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Wali unahitaji uangalifu zaidi: upoozwe upesi, uingie kwenye jokofu ndani ya saa moja na uliwe kufikia kesho yake, kwa sababu una bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa na huzaliana wali ukikaa kwenye joto la kawaida. Unapopasha, pasha hadi mvuke utoke katikati ya chakula, na usipashe zaidi ya mara moja.

Kwa kuwa chakula hakikai wiki nzima, tenga nusu saa katikati ya wiki kwa raundi ya pili ndogo, au gandisha nusu ya vyombo tangu siku ya kwanza. Asiye na jokofu asipike akiba. Yeye aandae malighafi: maharage ya kesho yalowekwe usiku, nafaka zipimwe na kufungwa kwa kiasi cha siku moja moja, mboga zichambuliwe, matunda na karanga ziwepo. Upishi wa kila siku utashuka hadi chini ya saa moja.

Utajua umefanikiwa siku ya kwanza utakaporudi nyumbani umechoka kabisa ukala chakula cha maana ndani ya dakika kumi, bila kukimbilia kibandani.

## Hatua ya 5: Ziba pengo la jioni

Madaftari mengi niliyoyaona yana duara saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Mlo wa mchana umeshakwisha kazi, wa usiku uko mbali, na akili imechoka kwa maamuzi ya siku nzima. Anayetegemea ujasiri katika saa hizo atashindwa mara nyingi zaidi ya atakavyoshinda.

Kwa hiyo usijinyime jioni. Kula kwa makusudi, dakika 30 kabla ya ile saa iliyoonekana kwenye duara lako. Ikiwa unaanguka saa kumi na moja, kula saa kumi na nusu: yai moja la kuchemsha na tunda, au karanga gramu 30 zilizopimwa nyumbani, au kikombe cha mtindi. Kiwe ndani ya mkoba tangu asubuhi, kimeshapimwa. Mkoba wenye yai humpitisha mtu mbele ya duka la vitafunwa kwa urahisi ambao mkoba mtupu hauwezi kumpa.

Watu huniuliza kama hilo haliongezi kalori. Linaongeza 100 au 170, na linazuia pakiti yenye 500 au zaidi. Ila kama kumbukumbu zako hazionyeshi pengo la jioni, usianzishe kula jioni kwa sababu tu imeandikwa hapa.

## Hatua ya 6: Anza na vinywaji

Katika yote unayoweza kuacha, soda na juisi za sukari zina faida kubwa kwa taabu ndogo. Kopo moja la mililita 330 la soda ya kola lina kama gramu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo karibu tisa, na kilokalori 140 hivi ambazo hazipunguzi njaa ya mlo unaofuata. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kiasi cha gramu 50 kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Juisi ya matunda imo katika hesabu hiyo hata kama umeikamua mwenyewe. Tunda zima halimo.

Punguza kwa ngazi. Kama unakunywa soda mbili kwa siku, wiki ya kwanza kunywa moja kwa siku, wiki ya pili moja kila baada ya siku moja, kisha acha. Sukari ya chai au kahawa ishushe nusu kijiko kila wiki, maana ulimi huzoea polepole lakini huzoea kweli. Anayeacha ghafla soda zenye kafeini anaweza kuumwa kichwa siku mbili tatu, na akadhani mwili wake "unadai sukari". Pombe nayo ihesabu, kwa kuwa kila gramu ya kilevi kilichomo ina kilokalori 7, na pombe huleta hamu ya vya kukaanga.

## Hatua ya 7: Toa majaribu ndani ya nyumba, na usome lebo

Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha utafiti uliowaweka watu 20 chini ya uangalizi kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, na kwa wiki mbili vyakula visivyosindikwa sana. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na chumvi, na kila mtu aliruhusiwa kula atakacho. Walipokuwa kwenye vyakula vilivyosindikwa sana walikula kilokalori 500 zaidi kwa siku, na wakaongezeka karibu kilo moja. Walikuwa watu wale wale, wenye nia ile ile. Kilichobadilika ni chakula kilichokuwa mbele yao.

Kwa hiyo biskuti zilizomo kabatini hazisubiri siku maalumu. Zinasubiri siku utakayochoka. Maliza ulizonazo au uzigawe, na usinunue nyingine za kuweka. Ukitaka keki, nenda ukale kipande kimoja mahali inapouzwa, ukiwa umekaa, kisha urudi nyumbani.

Ikiwa unaishi na wengine, usiwatangazie marufuku. Waeleze unachofanya na kwa nini, kisha omba jambo moja dogo: vitafunwa vyao vikae kwenye rafu moja iliyofungwa, mbali na macho yako. Nimeona nyumba zikigombana kwa sababu ya chakula, na aliyekuwa akipungua ndiye aliyeacha mpango kwanza.

Kwa vile utakavyoendelea kununua kwenye pakiti, soma mambo mawili tu. Kwanza orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi: sukari, glukosi au sirapu ikiwa katika vitatu vya mwanzo, rudisha pakiti. Pili, safu ya gramu 100, maana safu ya "kipimo kimoja" inaweza kuwa biskuti mbili wakati wewe hula kumi. Viwango vinavyotumika Uingereza ni rahisi kukumbuka: zaidi ya gramu 22.5 za sukari katika gramu 100 ni nyingi, na 5 au pungufu ni kidogo.

## Hatua ya 8: Andika mapema jibu la siku itakayoharibika

Kikao kitarefuka, safari itatokea ghafla, mtoto ataugua, na chombo chako cha chakula kitasahaulika mezani. Siku hizo zitakuja, kwa hiyo ziandikie jibu leo, kwa muundo wa "nikikutwa na hili, nitafanya lile":

- Nikilazimika kula nje, nitaagiza protini ya kuchoma au kuchemsha pamoja na mboga, na maji.
- Kikao kikiwa na keki na soda, nitakunywa maji na kula akiba iliyomo mkobani.
- Nikirudi nyumbani baada ya saa tatu usiku, nitakula mayai mawili na mboga zilizokatwa. Sitaanza kupika kitu kipya.

Majibu matatu yanatosha. Ukiandika kumi, hutakumbuka hata moja.

Siku utakayokula chakula cha ovyo licha ya yote, fanya jambo moja tu: mlo unaofuata uwe ule ulioandikwa kwenye daftari. Usiruke mlo kwa kujiadhibu, na usiseme kwamba wiki imeshaharibika na utaanza upya Jumatatu. Pakiti moja ya krispi haiharibu wiki. Siku nne zinazofuata za "nimeshashindwa" ndizo zinazoiharibu, na inaniuma kila mara kuona mtu akitupa kazi ya wiki tatu kwa ajili ya mlo mmoja.

## Hatua ya 9: Mwendo na usingizi

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo, lakini hulinda misuli, moyo na matokeo uliyokwisha kupata. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Si lazima zikae pamoja. Dakika kumi za kutembea kwa haraka baada ya kila mlo zinaleta 210 kwa wiki, na kuchuchumaa na kusimama mara kumi na tano kwa raundi tatu hakuhitaji ukumbi.

Usingizi usipungue saa saba. Anayelala kwa muda wa saa tano tu huamka na hamu kubwa ya vitu vitamu na vyenye mafuta. Ikiwa itakubidi kuchagua kati ya kuamka saa kumi alfajiri kufanya mazoezi na kulala vya kutosha, lala, kisha utembee mchana.

## Hatua ya 10: Pima, rekebisha, na ujue la kufanya uzito ukisimama

Pima uzito siku ile ile kila wiki, na kiuno kila baada ya wiki mbili. Wiki ya kwanza unaweza kupungua kilo mbili. Nyingi kati ya hizo ni maji, kwa sababu akiba ya wanga mwilini hutunzwa pamoja na maji. Wiki ya pili kasi itashuka, na hapo wengi hukata tamaa bila sababu. Uzito pia hupanda na kushuka kilo moja au mbili kutokana na chumvi, choo na mzunguko wa hedhi, kwa hiyo usitoe hukumu kwa kipimo kimoja. Linganisha wastani wa wiki nne.

Kama wastani huo haujashuka na kiuno hakijapungua, rudia Hatua ya 1 kwa siku tatu. Mara nyingi utakuta kijiko cha mafuta kimeacha kutumika, au karanga zimerudi kuliwa kutoka kwenye mfuko. Kama hujakuta kitu, kumbuka kwamba mwili uliopungua unatumia nishati kidogo kuliko ule wa mwanzo, kwa hiyo sahani iliyokupunguza ukiwa na kilo 90 inaweza kukuweka pale pale ukiwa na 82. Punguza kiasi cha wanga katika mlo mmoja wa siku, au ongeza dakika kumi na tano za kutembea. Badilisha kitu kimoja tu, kisha usubiri wiki tatu ndipo ujue kama kimefanya kazi.

Ukipungua bila kujitahidi, ukahisi kizunguzungu au uchovu usioisha, au hedhi ikakatika, simamisha mpango na umwone daktari.

Ukifika asilimia 5 uliyoiandika, usiweke lengo jipya siku hiyo hiyo. Kaa kwenye uzito huo kwa wiki nne ukiendelea na milo ile ile sita na siku ile ile ya kupika. Ukiona mzani haupandi, badilisha mlo mmoja kati ya sita usije ukauchoka, kisha uandike asilimia 5 ya pili.